Picha ya Kupimia Mwanga

Salesio Ngari amepima majani ya chai ya watu kwa miaka ishirini na miwili, katika banda moja la mbao lililo juu kidogo ya Runyenjes, na kwa miaka tisa kati ya hiyo amekuwa mpiga picha mbaya. Nisieleweke vibaya. Kamera anaijua kama anavyoijua mizani yake. Mwambie apige mawingu, atakupigia mawingu mpaka utafute mwavuli. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni adabu.

Huku kwetu mtu hapigwi picha hivi hivi. Ukimwambia mkulima asimame umpige picha, atakuambia ungoje, na akisema ungoje, ujue ameenda kuoga. Atajipaka mafuta. Atatoa koti alilovaa kwenye harusi ya kaka yake, afunge tai, arudi katikati ya chai na kusimama wima, mikono imenyooka ubavuni, akiitazama kamera kama mtu anayesomewa hukumu. Kucheka hacheki. Picha ni jambo la heshima, na anayetaka kuchekacheka aende sokoni.

Basi picha za Salesio zilikuwa za wachuma chai wenye tai. Mwaka mmoja alipeleka klabuni picha ya baba na wanawe watatu, wote ndani ya suti, wamebeba vikapu vitupu kwa sababu hawakutaka majani yachafue mabega ya makoti. Jaji wa siku hiyo aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ni tangazo la benki. Akampa kumi na moja kati ya ishirini.

Klabu yenyewe ni Klabu ya Picha ya Kirimiri, ambayo hukutana mjini Embu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Wanachama ni walimu, wauguzi, muuza vipuri mmoja, na wakili kijana aitwaye Adrian ambaye lenzi yake ni ndefu kama bomba la kunyunyizia kahawa dawa. Adrian alikuwa na dawa ya tatizo la tai. Alijificha nyuma ya migomba na kuwapiga watu kwa mbali kabla hawajashtuka, na maksi zake hazikushuka chini ya kumi na sita. Alimshauri Salesio afanye vivyo hivyo.

"Hao watu huniletea majani kila siku," Salesio alimjibu. "Nikiwaibia uso, nitawatazama vipi kwenye mizani?"

Kwa hiyo aliendelea kupata kumi na moja, kumi na mbili, na mara moja, kwa bahati, kumi na nne. Alichokitaka kilikuwa kitu kidogo na alikitaka mno: siku moja, mbele ya watu, jaji aseme ishirini na picha iwe yake. Hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mkewe, na mkewe alimwambia aende akakamue ng'ombe.

Mwaka wa klabu huishia mwezi wa kumi na moja, wanapokutana na klabu ya Meru. Kila upande huleta picha kumi, jaji hutoka mbali, na mshindi huondoka na kombe ambalo si kombe hasa, ni kamera ya zamani iliyopigiliwa misumari juu ya ubao. Meru walikuwa wameishinda Embu miaka sita mfululizo. Ubao ulikuwa umeanza kuzoea ukuta wa kule.

Mashindano hayo yana sheria moja kali. Picha huoneshwa ukutani bila jina, na mwenye picha hukaa kimya kama maji mtungini mpaka maksi zitajwe. Akijitambulisha kabla ya hapo, kwa neno au kwa ishara, picha yake hupata sifuri. Usidhani ni mzaha. Kiambi, katibu wa Meru, aliwahi kukohoa mara tatu picha yake ya nyuki ilipotokea, na nyuki wake wakaambulia sifuri. Tangu siku hiyo Kiambi ndiye anayeilinda sheria kuliko mtu yeyote, na mwenye kikohozi humwomba ruhusa ya kukaa nje.

Mada ya mwaka huo ilikuwa Kazi ya Mikono. Mwezi wa nane, baada ya lori la chai kuondoka, Salesio aliteremka hadi shambani kwa Igoki, jirani yake. Igoki ni mjane wa miaka sabini na mmoja, ambaye watu humwita Mama Njiru kwa jina la kifungua mimba wake. Ana mashina mia tisa ya chai, ng'ombe watatu, na ulimi ambao wafugaji wazembe wa kijiji wanaujua vizuri. Alimkuta akichuma.

"Mama Njiru, nataka kukupiga picha."

"Ya nini?"

"Ya mashindano. Ukiwa kazini hivyo."

"Ngoja nibadilishe," alisema Igoki, na kikapu kilikuwa kishaanza kushuka mgongoni.

Salesio hakubisha. Alimwomba tu asimame hapo kidogo kwanza apime mwanga. Ndiyo ilikuwa desturi yake: kabla mtu hajaenda kuoga, anampiga moja ya kupimia mwanga, na jioni anazifuta zote bila kuzitazama mara mbili. Igoki akasimama, kitambaa kichwani, nailoni ya kukinga nguo kiunoni, gambuti za matope miguuni. Mara akageuza kichwa. Mkono mmoja ulikuwa umejaa majani, mwingine akaunyanyua kukinga jua, akakaza macho kutazama kule chini. Salesio akabonyeza. Sekunde moja baadaye Igoki alipiga ukelele uliosikika ng'ambo ya mto, maana ng'ombe wa Rwamba, jirani wa chini, alikuwa ametia kichwa kwenye nepia ya Igoki, majani aliyowapandia ng'ombe wake mwenyewe.

Ng'ombe alipofukuzwa, na Rwamba alipokwisha kuambiwa asili yake na ya ukoo wake, Igoki aliingia nyumbani. Alitoka baada ya dakika arubaini akiwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kola nyeupe imepigwa pasi, viatu vyeusi vinameta. Salesio akampiga kumi na mbili. Zote zilikuwa safi, na zote zilifanana na picha ya kitambulisho.

Jioni hiyo ng'ombe wake mwenyewe alizaa, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alisahau kufuta.

Mwezi wa kumi klabu ilikutana kuchagua picha za kupeleka Meru. Mwenyekiti ni Kawira, mwanamke wa maabara, mtulivu, ambaye hutazama picha kama anayetafuta malaria. Alichomeka kadi ya kamera ya Salesio kwenye kompyuta, na picha ya kwanza kufunguka haikuwa ya sare. Ilikuwa ile nyingine.

Adrian alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Pale ukutani alikuwa mama mmoja mzee katikati ya chai inayong'aa juani, vidole vyeusi kwa utomvu, gambuti ya kushoto imepasuka ubavuni, na chini ya kivuli cha mkono wake macho mawili yaliyokazwa mpaka ungetaka kugeuka uone anachokiona.

"Hiyo siyo," Salesio alisema haraka. "Hiyo ni ya kupimia mwanga. Pita, nyingine ziko mbele."

"Salesio," alisema Kawira bila kuondoa macho ukutani, "hii ndiyo."

"Lakini hajavaa!"

Walicheka mpaka muuza vipuri akainamia meza. Salesio hakucheka. Yeye pia alikuwa na macho, na alijua kwamba ishirini aliyoitafuta kwa miaka tisa ilikuwa pale ukutani na gambuti iliyopasuka. Akawaambia haitaenda kokote mpaka mwenyewe aulizwe. Adrian alisema hakuna sheria inayomlazimisha. Salesio akamjibu kwamba Adrian hakai jirani na Igoki.

Alikwenda kesho yake baada ya ibada, picha amechapisha na kuitia ndani ya bahasha. Igoki alimkaribisha sebuleni, akamwekea chai, akaitoa picha. Uso wake ulibadilika.

"Karani, hii ni nini?" Wakulima wote humwita Karani. "Hii kitambaa mimi hufunga nikienda kwa ng'ombe. Ulinipiga picha nikikaa hivi, kama mtu ameshikwa akiiba?"

"Nilikuwa napima mwanga, Mama Njiru. Nisamehe. Nikifuta sasa hivi, imeisha."

"Na ile ya sare iko wapi?"

"Iko. Ni nzuri pia. Lakini wenzangu wanasema hii ndiyo inaweza kushinda."

"Kushinda nani?"

"Meru."

Igoki alikiweka kikombe chini. Akauliza Meru wamewashinda mara ngapi, na Salesio akamwambia ni miaka sita.

"Sita!" Igoki alisema neno hilo kama aliyeambiwa mbuzi sita wameibwa. Aliichukua picha tena, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa upande. "Peleka," alisema hatimaye. "Lakini na mimi naenda. Nitavaa sare yangu nikae mbele. Wakiona huyo wa gambuti, wajue kwamba nguo anazo."

Ndivyo alivyoingia kwenye gari la klabu, Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja, amevaa sare, mkoba mapajani, na kabla hawajafika Chuka alikuwa amewauliza wanachama wote kumi na mmoja wameolewa au wameoa wapi. Mashindano yalikuwa katika ukumbi mmoja karibu na uwanja wa Kinoru. Meru walikuwa wamejaa viti vya kushoto, na ubao wenye kamera ulikuwa juu ya meza, umepakwa vanishi upya kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Igoki aliutazama akasonya.

Salesio alimweleza mara tatu habari ya kunyamaza. Igoki akamwambia kwamba yeye amekaa kanisani miaka sitini na anajua kukaa kimya kuliko yeye.

Jaji alikuwa bwana mmoja mpole kutoka Nairobi, mwenye skafu na sauti ya chini. Alitazama picha za fundi cherehani, za mvuna mpunga, za kinyozi. Kila moja aliizungumzia kwa utaratibu, kisha akataja maksi, na Kiambi akaziandika ubaoni kwa chaki. Picha za Meru zilikwisha, jumla mia moja sitini na tatu. Embu walikuwa na mia moja arubaini na tano, na picha moja imebaki. Hakuna aliyehitaji karatasi. Kumi na nane ni sare, kumi na tisa ni ushindi.

Ikatokea.

Hata Meru waliacha kunong'ona. Jaji alisogea karibu na ukuta, akarudi nyuma, akavua skafu.

"Ndugu zangu," jaji alisema, "hapa tunakutana na umaskini uso kwa uso. Tazameni kiatu kile. Tazameni mikono. Mama huyu hana mtu wa kumsaidia. Maisha yamemlemea mpaka mwisho, na macho yake yanamwuliza Mungu kwa nini. Hii ni picha ya mateso, na ni picha kubwa sana."

Igoki alimwinamia Salesio sikioni. "Anasema mimi ni maskini?"

Salesio aliitikia kwa kichwa.

"Na hiyo itatupatia maksi mingi ama kidogo?"

"Nyingi," alinong'ona Salesio. "Nadhani zote."

"Basi wacha aseme," alisema Igoki, akakaa sawa na kutazama mbele.

Salesio angenyamaza. Nataka ijulikane hivyo, kwa sababu baadaye watu walimfanya shujaa, na yeye hakuwa na nia hiyo. Alikuwa amejikaza kisabuni, ulimi ameuuma, ishirini yake iko mdomoni mwa jaji tayari kutoka. Lakini aliinamisha macho kidogo akaona miguu ya Igoki. Mguu wa kushoto, ule wa gambuti iliyopasuka, wenye kidole kilichovimba, ulikuwa umerudishwa polepole chini ya kiti, kiatu chake cheusi kinachometa kimefichwa nyuma ya kile kingine. Sare ilikuwa pale, kola ilikuwa pale, na bado mama huyu alikuwa anaficha mguu.

"Kwa mateso haya," jaji alisema, "mimi natoa..."

"Huyo si maskini!"

Salesio alikuwa amesimama. Hakujua alisimama saa ngapi.

"Karani!" Igoki alimshika koti kwa mikono miwili. "Keti chini! Tunashinda!"

"Anaitwa Igoki," Salesio aliendelea, "na picha ni yangu. Ana mashina mia tisa ya chai. Miaka ishirini na miwili nampimia majani, sijawahi kumrudishia hata kilo moja kwa ubovu. Ana watoto watano na wote humpigia simu, mpaka analalamika. Hiyo gambuti aliipasua mwenyewe kwa kisu, kidole chake kipate nafasi, na mpya ziko nyumbani hazijavaliwa. Na hapo hamwulizi Mungu kitu. Hapo anaangalia ng'ombe wa Rwamba akiingia kwenye nepia yake!"

Halafu mtu mmoja upande wa Meru, ambaye bila shaka naye ana jirani mwenye ng'ombe, aliangua kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Adrian alijifunika uso kwa viganja. Kiambi alisimama kando ya ubao, chaki mkononi, na kwa haki yake niseme kwamba hakufurahi. Alikohoa.

"Sheria ni sheria," alisema. "Sifuri."

Akaiandika. Meru wakapata mwaka wa saba.

Igoki, alipoona mambo yameharibika na hakuna tena cha kuokoa, aliona asipoteze safari. Alisimama, akajinyoosha sketi, akageuka kushoto, akageuka kulia, ili kila mtu aone sare mbele na nyuma. Walimpigia makofi mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Watu wa Meru walipanga foleni na kamera zao kumwomba picha, naye aliwakubalia wote isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa na shati nje ya suruali, ambaye alimwambia achomekee kwanza.

Jaji alimjia, skafu mkononi, uso umemwiva kwa aibu. Alimwomba radhi kwa maneno mazuri na marefu. Igoki alimsikiliza mpaka mwisho, akamsamehe, kisha akamvuta kando.

"Ungetupatia ngapi?"

"Ishirini, mama," alisema jaji. "Sijawahi kuitoa mwaka huu wote."

Igoki alijipiga kofi kwenye paji la uso, na Salesio, aliyekuwa hatua mbili nyuma yake, alisikia kila kitu. Alikuwa ameipata ile ishirini na kuipoteza kwa pumzi moja, na uchungu ulikuwepo, hakuna haja ya kudanganya.

Wakiwa njiani kurudi walisimama Chuka kunywa chai. Jua lilikuwa bado juu ya migomba. Wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kulisimulia jambo hilo na kulitia chumvi, na Adrian, ambaye hakuwa amesema naye tangu watoke ukumbini, alimnunulia mandazi bila kumtazama. Igoki ndiye aliyekuwa kimya. Alikaa na Salesio meza ya pembeni, anazungusha kikombe, hajasema neno kwa karibu saa nzima, na kwa waliomjua hilo lilitisha.

"Karani," alisema mwishowe.

"Naam, Mama Njiru."

"Tangu mzee wangu atutoke ni miaka kumi na nne. Watoto wananipenda, sikatai. Lakini hakuna mtu amewahi kusimama mbele ya watu kwa sababu yangu. Hata mara moja. Asante."

Machozi yalimlengalenga Salesio, akajifanya anapuliza chai ambayo ilikuwa imepoa zamani.

Igoki alimwachia nafasi ya kujipangusa. Alikata chapati yake katikati, akamsogezea nusu kubwa, kisha akamtazama kwa macho yaleyale aliyomtazama nayo ng'ombe wa Rwamba.

"Lakini Karani, si ungengoja kwanza aseme ishirini, ndio usimame?"

Salesio alikiweka kikombe mezani. Wazo hilo halikuwa limempitia akilini hata kidogo.